Karani wa Mbwa

Katika mwezi wangu wa mwisho wa kazi, simu ililia pale mapokezi na Mwanaisha, binti wa zamu ya asubuhi, akaipokea. Alisikiliza kidogo, akaifunika kwa kiganja, akanigeukia huku akijizuia kucheka.

"Babu, kuna mgeni anauliza kama anaweza kuja na mbwa wake."

"Mwambie haruhusiwi."

"Nani, mgeni au mbwa?"

"Siku hizi ni mbwa," nikamwambia. "Nilipoanza kazi ilikuwa kinyume."

Alidhani ni mzaha wa wazee. Mchana alipopumzika alikuja kuniuliza, nikamweleza kidogo, na wenzake wawili wakasogea. Nilipofika mahali fulani katika maelezo nikasema nina kazi, nikaondoka. Sasa sina kazi. Nakaa Msambweni, nimestaafu, sina pa kukimbilia nikifika mahali pale, kwa hiyo nawaandikia nyote mnaokaa mapokezi. Sitaandika juu ya mishahara, kwani ilikuwa midogo. Wala sitaandika juu ya vyeo, isipokuwa cheo changu cha kwanza, ambacho mkishajua nilivyokipata hamtanipongeza.

Niliingia hotelini miezi michache kabla ya uhuru. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na pale kijijini kwetu nilihesabika kuwa msomi, yaani watu waliniletea barua za serikali niwasomee, nami nilizisoma polepole zaidi kuliko ilivyohitajika ili wajue kwamba ni kazi ngumu. Hoteli ilikuwa ndogo wakati huo: nyumba kumi na mbili za makuti zilizopangwa msituni hadi ufukweni Diani, ukumbi mmoja wa kulia, na ofisi ya Memsabu, mwenye hoteli. Aliniita ofisini akaniuliza maswali mawili tu. Unajua Kiingereza? Unaogopa mbwa? La kwanza nilijibu ndiyo, la pili nilijibu hapana, na la pili lilikuwa uongo. Chini ya meza yake alilala mbwa mwenye masikio marefu kama soksi. Mbwa huyo alitoka, akanikagua kwa muda mrefu kuliko alivyonikagua Memsabu, akarudi kulala. Nikaajiriwa.

Wageni wetu wengi walikuwa walowezi wa bara, wenye mashamba, waliokuja pwani kwa magari yao likizo za shule na Krismasi. Hoteli nyingine hazikutaka wanyama. Yetu ilijulikana kwa kupokea mbwa, ndiyo maana ilijaa. Kila baraza ilikuwa na pete ya chuma ukutani ya kufungia mnyororo. Kila nyumba ilikuwa na mkeka mdogo na taulo lililoshonwa uzi wa rangi pembeni. Mgeni Mwafrika hakuwapo, wala hapakuwa na tangazo la kumkataza. Hakuna mtu anayetundika tangazo la kukataza jambo ambalo hajapata kulifikiria.

Kazi yangu ilikuwa daftari kubwa la wageni. Lilikuwa na safu ya jina, ya mahali atokako mgeni, ya nyumba atakayolala, na mwisho safu iliyoitwa Nyongeza. Humo nilitakiwa kuandika mbwa, yaya na dereva. Siku yangu ya kwanza alifika bibi mmoja kutoka upande wa Nakuru akiwa na mbwa wawili na yaya mmoja. Nikaandika "mbwa wawili". Memsabu akaniita pembeni, akanikosoa: mbwa huandikwa kwa majina, kwa sababu mgeni hufurahi mbwa wake anapoitwa. Nikarudi kumwuliza bibi majina ya mbwa, akaniandikisha herufi moja moja ili nisikosee. Yaya alikuwa amesimama nyuma yake na mtoto mgongoni na kikapu kichwani. Jina lake hakuna aliyenituma kuliuliza, wala sikuuliza. Niliandika "yaya mmoja".

Mtu aliyenifundisha kazi hasa hakuwa Memsabu. Alikuwa Mzee Salimu, mkuu wa vyumba, mtu wa Kinondo, ambaye wote tulimwita Ami. Alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na saba. Hakuwa na Kiingereza isipokuwa maneno ya kazi, kama shuka, maji ya moto na kesho asubuhi. Lakini hakuna mgeni aliyewahi kuondoka bila kumtafuta kumuaga.

Ami Salimu alikuwa mcha Mungu, na mcha Mungu wa Kipwani anayefanya kazi katika hoteli ya mbwa anahitaji utaratibu. Wa kwake nitauandika hapa kwa sababu haumo katika kitabu chochote cha hoteli. Kwanza, mabakuli ya mbwa yalipakwa mstari mwekundu kuzunguka ukingo, yakawekwa nje ya jiko kwenye rafu yao, na hayakuingia jikoni hata siku ya mvua. Pili, nyuma ya dobi paliwekwa debe la udongo safi, uliochekechwa. Chombo chochote cha watu kilichorambwa kilioshwa mara saba, moja kwa udongo. Tatu, nywele za mbwa kwenye mito zilitolewa kwa dodoki lililoloweshwa, si kwa mkono. Kupe walitolewa kwa tone la mafuta ya taa, na alimtoa kupe mbwa wa mgeni kwa upole ambao sijauona kwa daktari.

"Unaogopa," aliniambia siku ya pili, aliponiona nikizunguka mti ili nisipite karibu na mbwa.

"Siogopi, Ami. Nachelea udhu wangu."

"Udhu wako hauna neno. Mkono mkavu, mbwa mkavu, pita. Mate yake ndiyo yenye sheria. Mbwa mwenyewe ni kiumbe kama wewe, tena hajasema uongo leo."

Dobi wetu, Bakari, alicheka mpaka akaangusha vibanio vya nguo. Siku hiyo hiyo alinibandika jina la Karani wa Mbwa, nalo likanishika miaka mingi.

Nami nilimcheka Ami Salimu, si mbele yake. Niliwaambia vijana wenzangu kwamba shuleni tulifundishwa kuna vijidudu na kuna sabuni, na sabuni mara moja inatosha. Mara saba ni hesabu za wasiokuwa na sabuni. Nilijua kila kitu wakati huo. Ni ugonjwa wa kidato cha nne, na wengine hawaponi.

Mniruhusu niwaonyeshe wageni wenyewe kidogo, kwani Mwanaisha alidai natunga. Kulikuwa na bwana aliyekuja kila Pasaka na mbwa mkubwa mweusi aitwaye Juma. Walowezi wengi walikuwa na mtindo huo wa kuwapa mbwa wao majina ya Kiswahili: Simba, Chui, Rafiki. Wengine walifika mpaka Juma. Na sisi tulikuwa na Juma wetu, mhudumu wa mezani. Bwana huyo akiita "Juma, njoo hapa," mhudumu alikwenda mbio na sinia, akafika pamoja na mbwa. Pasaka ya pili Memsabu alilitatua jambo hilo kwa haki yake: mhudumu aliambiwa ajiite Hassan mpaka bwana aondoke.

Kulikuwa na bibi ambaye mbwa wake mdogo alikula mayai ya kuvuruga mezani, juu ya kiti chenye mto, na bibi alirudisha mayai jikoni mara mbili kwa kuwa yameiva sana. Kulikuwa na mume na mke ambao mbwa wao alilala ndani, kati yao, na yaya wao alilala barazani, na mvua ilipopiga walifungua mlango kuuliza kama mnyororo wa mbwa umelowa. Na ulipokaribia uhuru walikuja waliokwisha kuuza mashamba, kuiaga bahari kabla ya kupanda meli Mombasa. Hao walilia. Kwao Uingereza mbwa hakuruhusiwa kuingia bila kufungiwa kwanza miezi kadhaa, kwa hiyo walilia kwa kumwacha mbwa. Niliwauliza baadhi ya madereva wao kuhusu wapishi na watunza bustani wa miaka ishirini. Wakaniambia waliachwa kituo cha treni, kila mmoja na barua ya kumsifu.

Barua hizo msizidharau. Wakati huo mtu wa kazi za hoteli au nyumba bila barua ya mwajiri wake wa mwisho alikuwa kama mtu asiye na mikono. Likumbukeni hilo mnaposoma yanayofuata.

Bendera ikabadilishwa. Kwa mwaka mzima hapakuwa na mabadiliko pale kwetu isipokuwa picha ya ukutani. Kisha, Ramadhani ya pili baada ya uhuru, iliyoangukia Januari katika joto kali na hoteli ikiwa imejaa, gari jeusi la serikali likasimama mbele ya mapokezi. Akashuka afisa. Mwafrika, suti, miwani. Nilisimama kabla sijajua kwamba nimesimama. Alikuwa mgeni wetu wa kwanza mweusi, na nilikuwa nimemngoja bila kujua nangoja nini.

Akafungua mlango wa nyuma, akatoka mbwa.

Mbwa mwenyewe, kama nilivyoelezwa baadaye na dereva, alirithiwa pamoja na nyumba. Mzungu aliyekuwa na cheo kile alikwenda zake, afisa akapewa cheo, nyumba, bustani na Prinsi. Prinsi hakujua neno lolote isipokuwa Kiingereza, na afisa alizungumza naye Kiingereza kizuri zaidi ya kile alichozungumza nami. Nilijaza daftari. Katika safu ya Nyongeza niliandika jina la mbwa kwa herufi zilizo sawa. Kisha nikaandika "dereva mmoja". Uhuru ulikuwa na mwaka mmoja, daftari lilikuwa la zamani.

"Mbwa wangu hajala tangu Voi," akasema afisa. "Nataka ahudumiwe kama mbwa wa wageni wengine. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mheshimiwa."

Nilikwenda kwenye rafu ya mabakuli yenye mstari mwekundu. Rafu ilikuwa tupu. Siku hiyo tulikuwa na mbwa wengi kuliko mabakuli, na kila bakuli lilikuwa barazani mbele ya mbwa wa Mzungu. Nilisimama pale jua la saa nane likinichoma utosini, nikifikiri jambo ambalo leo naona haya hata kuliandika. Nilifikiri: ati mbwa wa kwanza wa Mwafrika akose bakuli. Niliona ni aibu ya taifa. Ningeweza kungoja bakuli moja liishe, nikalisafisha. Ningeweza kumwomba Ami Salimu, angepata njia, kama alivyopata siku zote. Badala yake niliingia jikoni, mahali wapishi walipokuwa wamejinyoosha kwa saumu, nikachukua bakuli moja la bati lenye maua ya buluu kutoka rafu ya wafanyakazi. Nikatia nyama, nikampelekea Prinsi. Alikula vizuri. Alilirambaramba mpaka maua yakang'aa. Nililirudisha, nikalipitisha chini ya bomba mara moja, nikalifuta, nikaliweka mahali pake. Sabuni sikutia, ingawa shule nilikwenda.

Bakuli lilikuwa la Ami Salimu. Alikuja nalo kutoka kwake Kinondo kila Ramadhani, akanywea uji wa kufuturu.

Magharibi tulikaa nyuma ya jiko kama kawaida, tende katikati, kila mtu na chombo chake. Bakari dobi alichelewa, alikuwa akikunja shuka za mwisho. Alipofika, Ami Salimu alikuwa amekwisha kunywa nusu. Bakari alilitazama bakuli, akakaa chini polepole.

"Ami, bakuli hilo ni lako?"

"Langu. Kwani?"

"Mchana nilipokwenda kuchukua taulo nyumba namba tano nililiona barazani. Mbwa wa yule mkubwa alikuwa akila ndani yake."

Ami Salimu aliliweka chini. Hakulitupa, hakutema mate, hakupaza sauti. Alikwenda pembeni, akasukutua kinywa kwa muda mrefu, akarudi.

"Nani aliyelitoa jikoni?" akauliza.

Nilikuwa na tende mdomoni. Niliitafuna tende hiyo kama mtu anayetafuna kamba. Wapishi walitazamana. Bakari alinitazama mimi, kisha akatazama chini, kwa sababu hakuwa na ushahidi ila jina alilonipa mwenyewe.

"Haya," akasema Ami Salimu. "Aliyelitoa ana Mola wake. Mimi kesho nitakwenda kwa Memsabu tutengeneze mambo yasirudie. Rashidi, utanifasiria."

"Nitakufasiria, Ami."

Asubuhi tuliingia ofisini. Memsabu alikuwa na Kiswahili, lakini kilikuwa cha kuamuru tu: lete, toa, upesi. Hakikuwa na mahali pa kusikilizia. Kwa jambo lolote refu kuliko hilo, kati yake na wafanyakazi thelathini nilikuwapo mimi. Mbwa wake wa masikio marefu alikuwa miguuni pake. Katika siku hizo kulikuwa na migomo Mombasa, na kila mfanyakazi aliyeingia ofisini amevaa nguo safi alimtia wasiwasi. Ami Salimu alikuwa amevaa kanzu.

Alizungumza taratibu, akinipa nafasi kila baada ya maneno machache. "Mwambie sikuja kumlaumu mtu. Jana bakuli la mfanyakazi limelishiwa mbwa, na kwetu sisi mate ya mbwa ni najisi. Naomba mambo mawili. Mabakuli ya mbwa yaongezwe, yapakwe rangi kama yale mengine. Na leo tupewe saa moja tuvioshe vyombo vyetu vyote, kwa kuwa hatujui kipi kimegusana na kipi. Baada ya hapo kazi kama kawaida."

Sasa nitawaambia nilichokuwa nikikiona. Memsabu alikuwa na sheria kali kwamba chombo cha mfanyakazi kisiende kwa mgeni, wala cha mgeni kisiende kwa mfanyakazi. Nikilitaja bakuli, atauliza nani aliyelipeleka. Kwa hiyo nililitoa bakuli katika maneno ya Ami Salimu kama unavyotoa mfupa katika samaki, na kilichobaki nikakisema kwa Kiingereza: kwamba Salimu anasema mbwa wa wageni ni wachafu, na wafanyakazi wanataka wapunguziwe kazi leo.

Memsabu akamtazama mbwa wake. Akasema mbwa huyu anaogeshwa kila Jumamosi. Akasema na mengine, kuhusu kuoga kwa watu fulani, ambayo sikuyafasiri. Wakati huo nilijiona muungwana kwa kutoyafasiri.

"Mbona amegeuka rangi?" akaniuliza Ami Salimu. "Umemwambia ni najisi?"

"Nimemwambia."

"Kwa Kizungu ni neno gani?"

Nikamtajia. Akalirudia kimyakimya, akakunja uso.

"Hilo si neno lililoandikwa kwenye kapu la nguo chafu kule kwa dobi?"

"Ndilo, Ami. Kizungu hakina jingine."

"Lugha kubwa yote hiyo," akasema.

Kisha akajaribu mwenyewe kuliweka sawa. "Mwambie sikatai kazi. Mwambie miaka kumi na tisa nimehudumia mbwa katika nyumba hii, na sijapata kulalamika."

Nilikuwa na haraka tutoke. Niliukata mwanzo wa sentensi, niliukata na mwisho, nikabaki na katikati: anasema kwa miaka kumi na tisa amekuwa akihudumia mbwa katika nyumba hii. Nilisikia nilivyosema wakati maneno yalipokuwa yakitoka. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, wageni walikuwa wakinywa chai. Memsabu alisimama. Hakuwa amesikia habari za wanyama. Alikuwa amesikia mtu wake wa kuaminiwa akiwaita wageni wake wote wa miaka kumi na tisa mbwa.

Palikuwa na nafasi. Sentensi moja ingetosha, nami nilikuwa na Kiingereza cha kutosha kwa sentensi moja. Nilitazama kalenda ukutani.

"Mwambie arudishe funguo aondoke leo," akasema Memsabu, "na barua asitarajie."

Hayo niliyafasiri yote. Sikupunguza hata silabi.

Ami Salimu alizitoa funguo katika kamba yake moja moja, akiitaja namba ya kila nyumba ili zisichanganyike, akaziweka mezani kumi na mbili. Nje alisimama kidogo.

"Rashidi, nimesema nini mle ndani?"

"Umesema kama ulivyosema, Ami. Ndivyo walivyo watu hawa."

Akaenda kwa dobi, akaliosha bakuli lake mara saba, moja kwa udongo, akalifunga katika kitambaa, akaondoka kwa miguu kwenda Kinondo na saumu yake.

Siku mbili baadaye afisa aliondoka, na kabla ya kuondoka aliingia kwa Memsabu kulalamika. Alikuwa amegundua kwamba mbwa wa Wazungu walikula katika mabakuli yenye mstari mwekundu, na mbwa wake alipewa bakuli la bati la mtumishi. Alisema nchi hii sasa ni huru na ubaguzi wa namna hiyo hautavumiliwa. Memsabu aliomba radhi mpaka garini. Kabla ya wiki kwisha yalikuja mabakuli sita mapya kutoka Mombasa, yakapakwa rangi. Alichokiomba Ami Salimu kwa heshima ya dini yake kilipatikana kwa heshima ya Prinsi.

Memsabu aliniita akaniuliza ni nani aliyempelekea mgeni chombo cha mtumishi. Nikasema, "Salimu." Ilinitoka rahisi kuliko nilivyotazamia. Mwezi uliofuata nilipewa funguo zile kumi na mbili, nikawa karani na mkuu wa vyumba pamoja. Hicho ndicho cheo changu cha kwanza.

Baada ya Idi nilikwenda Kinondo. Nilimkuta Ami Salimu uani akifua nazi kwenye kifuo, mti wenye ncha uliosimikwa ardhini, rundo la makumbi likimfika magotini. Nikamwamkia, akaitikia. Nikakaa, nikamwambia yote: bakuli, tende mdomoni, neno la kapu, sentensi niliyoikata, na jina lake nililolitaja mara ya pili. Hakuacha kufua nazi. Nilipomaliza nikasema, "Naomba radhi, Ami."

"Nimekwenda hoteli mbili," akasema. "Ya kwanza walitaka barua. Ya pili hawakutaka barua, wamekwisha kusikia. Ati mimi ndiye niliyewaita wageni mbwa."

"Naomba radhi, Ami."

"Umeshaomba. Sasa nikuulize. Uongo uliusema kwa lugha gani?"

"Kwa Kizungu."

"Na radhi unaniomba kwa lugha gani?"

Niliokota kumbi lililoangukia miguuni pangu, nikalirudisha kwenye rundo.

"Mimi nilikuwa najua kwamba sikusema maneno hayo," akasema. "Kuniambia mimi hakunipi kitu. Nenda ukamwambie uliyemwambia, kwa lugha ile ile, aniandikie barua yangu. Ukifika na barua, radhi utaikuta imeandaliwa." Akachomeka nazi nyingine. "Kunywa chai kabla hujaenda. Mke wangu ameshaipika."

Keshoye nilikwenda mpaka mlango wa ofisi. Njia nzima kutoka Kinondo nilikuwa nimezipanga sentensi zangu, sita, zote na nyakati zake sahihi, ambazo mwalimu yeyote angezipa alama kamili. Niligonga. Mbwa aliinua kichwa.

"Ndiyo, Rashidi?" akasema Memsabu.

Nikasema kwamba mgeni wa namba nne amefika na mbwa wawili na anaomba mkeka wa pili. Akasema mpe. Nikampa.

Niligonga mlango huo tena na tena kwa nia ile ile, na kila mara ilipatikana mikeka ya kuulizia. Ami Salimu hakupata kazi ya hoteli tena. Alifua nazi, na alipokutana nami sokoni Ukunda aliitikia shikamoo yangu kwa ukamilifu wake, kisha akapita.

Memsabu alikaa miaka mitatu zaidi, ndipo akauza. Siku ya kuondoka aliwakusanya wafanyakazi wote mbele ya mapokezi, na akatuma waalikwe hata wa zamani, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusahau makosa akiwa karibu na safari. Ami Salimu alikuja. Alisimama nyuma, kanzu safi, karibu na Bakari. Nilijua amekuja kusikiliza nini. Memsabu aliuliza kama yupo mwenye neno, nami nikauliza kwa Kiswahili kama yupo mwenye neno, na Ami Salimu akanitazama mimi. Alinitazama kwa muda ambao ungetosha sentensi sita.

Nilipokuwa bado nimenyamaza Memsabu alinishika mkono, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba miaka yote hii amewasikia watu hawa kupitia kwangu, na asingewaelewa bila mimi.

"Anasema nini?" akauliza Ami Salimu.

"Anasema asante, Ami."

"Na wewe umemwambia nini?"

"Nimemwambia safari njema."

Akatikisa kichwa. Aliwaaga wenzake mmoja mmoja kwa mkono, Bakari, wapishi, Juma wa mezani. Mimi aliniaga kwa mdomo.